Kaboni ya Mama Mutale

Katika maabara ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wengine walipima maji, mbolea au mahindi. Claudine Ntumba alipima udongo. Kazi hiyo haikuvuta wageni, na yeye hilo halikumsumbua. Babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, baba yake akawa mwalimu, na Claudine akasoma mpaka ndugu zake wakashindwa kuwaeleza majirani wa mtaa wa Kampemba anafanya kazi gani hasa. Mume wake Gérard, mwenye tanuri la mikate, ndiye aliyewarahisishia mambo. "Bibi yangu miye anapikaka bulongo," alikuwa akiwaambia wateja, yaani mkewe hupika udongo.

Wala hakuwa akitania. Claudine alichukua udongo kwa pete ya chuma, akaukausha, akauchekecha, akaupima, kisha akauingiza katika tanuri dogo la umeme lenye moto mkali. Kilichokuwa na asili ya majani na mizizi kiliungua kikatoka kama hewa, na uzito uliopungua ukamwonyesha udongo ule ulikuwa umehifadhi kaboni kiasi gani. Halafu alinawa mikono, akaandika hesabu, akarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kumpigia simu kwa sababu ya hesabu hizo.

Ndiyo maana alishangaa siku Godefroid alipoingia maabarani na suti yake ya buluu, akiwa amejipaka manukato mpaka harufu ya udongo ikakimbia. Godefroid alitaka kuitwa DG, yaani mkurugenzi mkuu, na watu walimwita DG. Alikuwa ameuza maji ya vifuko, kisha jenereta zilizotumika, na kila biashara aliiacha kabla wateja hawajaanza kuuliza maswali. Sasa alikuwa na kampuni iliyoitwa Pumzi ya Katanga. Alikuwa amesikia kwamba viwanda vya ng'ambo vinavyochafua hewa huwalipa watu wenye misitu, kwa sababu miti huvuta uchafu ule na kuufungia ndani ya mbao, mizizi na udongo. Habari hiyo ilimgusa moyo. Hapakuwa na biashara nyingine duniani ambayo bidhaa yake haikuhitaji kubebwa, kufungwa wala kuonekana.

Alikwenda kwa mapadri, akakodi msitu wao wa misonobari upande wa barabara ya Kasenga. Miti hiyo ilipandwa zamani kwa ajili ya mbao na nguzo za simu, kisha ikasahauliwa. Kilichobaki ni mtaalamu wa kupima, mwenye jina na muhuri. Alimweleza Claudine kwamba anataka hesabu ya kweli, ya kisayansi, na kubwa.

Claudine alikubali, lakini si kwa ajili ya suti. Kwa miaka mingi alitamani kujua kilichokuwa chini ya misonobari ile, na hakuna aliyewahi kumpa gari la kumfikisha huko.

Kazi ilianza vizuri. Aligawa msitu vipande, akachagua viwanja vya kupima, akazungusha utepe kwenye mashina. Udongo aliuchimba juu, kati na chini. Miti kadhaa ililazimika kuangushwa, ikatwe na ipimwe kwenye mizani, shina peke yake, matawi peke yake, majani peke yake, ili ile mingine yote iweze kukadiriwa ikiwa bado imesimama. DG alikuja kutazama mizani. Mvua ilikuwa imenyesha, magogo yamelowa, na uzito ulimfurahisha sana. Claudine alipomwambia kwamba sampuli zinakwenda kukaushwa kwanza, uso wake ulibadilika.

"Maji nayo si iko ndani ya muti?" aliuliza. "Juu ya nini tunaitoa?"

Claudine alimweleza sababu: maji si kaboni. DG alitaka kujua kama hiyo ni sheria ya dunia nzima au ya chuo kikuu peke yake. Aliambiwa ni ya dunia nzima. Akasema atawauliza wakubwa.

Tatizo lililofuata lilikuwa umeme. Katika jengo la maabara ulikatika, ukarudi, ukakatika tena ukakaa huko, na majani ya msonobari yakaanza kuota ukungu katika mifuko. Basi Claudine akayapeleka nyumbani. Mikate ilipotoka, tanuri la Gérard likiwa linapoa polepole, ndipo majani na vipande vya mbao vilipoingia. Vilikauka vizuri kabisa. Lakini asubuhi mikate ilinukia msonobari, na jirani mmoja akauliza kama Gérard ameanza kuuza sabuni ya sakafu. Kesho yake akaja mama mmoja wa mtaa wa Katuba, amepanda mabasi mawili, anatafuta ule mkate wa dawa ya kifua. Nyuma yake wakafuata wengine. Gérard, ambaye hakuwa mtu wa kupigana na bahati, alisikitika siku sampuli zilipokwisha. Alimwomba mkewe afikirie kama sayansi haihitaji majani zaidi kidogo. Claudine akasema haihitaji.

Matokeo yalipotoka hayakuwa ya aibu wala ya kujivunia. Miti mingi minene ilikuwa imeibwa zamani. Udongo ulikuwa mwekundu na maskini, na majani yaliyoanguka yalikaa juu kama zulia bila haraka ya kuoza. Ulikuwa msitu wa kawaida wenye kaboni ya kawaida, isipokuwa kiwanja kimoja nyuma ya kilima. Udongo wa pale ulipoungua ulipoteza uzito kupita udongo wowote aliowahi kuupika maishani mwake. Kwanza alilaumu mizani, halafu tanuri, halafu yeye mwenyewe. Akarudia kazi. Jibu likawa lilelile.

Alirudi msituni kuona. Palikuwa mahali pa wazi, pasipo mti hata mmoja, udongo mweusi tititi. Alipouvunja mkononi, vipande vidogo vya makala, yaani mkaa, vilibaki kwenye vidole. Mama mmoja aliyekuwa akipita na jembe alisimama, akasema pale palikuwa pake. Jina lake lilikuwa Mama Mutale, na katika kijiji cha karibu na msitu hapakuwa na mtu aliyejua kuchoma makala kama yeye. Alikata magogo, akayapanga, akayafunika kwa udongo na majani, akayaacha yaungue siku nyingi bila hewa. Pale nyuma ya kilima alikuwa amechoma mwaka hata mwaka, mpaka miti ya karibu ikaisha. Claudine akamshukuru. Fumbo lilikuwa limefumbuka, na kaboni ile ilikuwa mabaki ya miti iliyokufa.

Katika ripoti yake alikitenga kiwanja hicho, akaeleza sababu. DG aliisoma ripoti yote kwa kuruka mpaka akafika hapo. Alimwita Claudine katika ofisi yake ya mjini, yenye hewa baridi kama chumba cha nyama.

"Hapa ndio musitu yetu," alisema, kidole kikiwa juu ya ukurasa.

"Hapa hakuna muti hata moja, DG. Balikata yote. Ile kaboni iko ya makala."

"Kaboni iko kaboni."

Claudine alivuta pumzi. Alimweleza kwamba wanunuzi wanalipia miti inayosimama na kukua, kwamba kiwanja kile hakiwezi kusemea msitu mzima, na kwamba mtaalamu yeyote angemcheka. DG alimsikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri zamu yake. Mwisho Claudine akatafuta maneno mepesi kuliko yote. "Ni pahali pamoja tu, DG. Pahali pamoja haiwezi kuwa musitu yote."

"Pahali pamoja," DG alirudia taratibu. "Kumbe shida iko pale."

Alionekana ametulia. Alimsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Claudine akateremka ngazi akiamini kwamba, kwa mara ya kwanza, mtu wa biashara amemwelewa.

Baada ya hapo DG akanyamaza. Claudine alirudi kwenye wanafunzi wake. Kitu kimoja tu kilitokea ambacho angeweza kukitilia maanani kama angekuwa mtu wa kushuku. Gérard alimwambia kwamba sokoni Kampemba kumeingia makala mapya, mepesi, yanayorusha cheche hata yakachoma kitenge cha dada mmoja, na moshi wake unanukia ile mikate yao. Alisema hivyo akicheka, kwa kutamani ile biashara ya zamani. Claudine alicheka pia, akaendelea kula.

Kisha wanunuzi wakatuma mkaguzi. Aliitwa Chileshe, mtu mwembamba wa Ndola, Zambia, aliyekulia kati ya mashamba makubwa ya misonobari ambako baba yake alikuwa msimamizi. DG alipopata habari kwamba mgeni anazungumza Kiingereza, na Kifaransa cha kuombea maji tu, alifurahi mno. Yeye mwenyewe angekuwa mkalimani. Alimwagiza Claudine aje, azungumzie miti peke yake, na mambo ya udongo amwachie yeye.

Waliondoka Lubumbashi asubuhi, magari mawili, la nyuma likiwa na mpiga picha. Sehemu ya msitu iliyo kando ya barabara ilipendeza. Misonobari ilisimama safu kwa safu, na Chileshe alishuka akagusa shina moja kama mtu anayemsalimu rafiki wa shule. Lakini juu ya kilima kulikuwa na kitu cheupe kilichopanda taratibu. Chileshe akauliza. DG akasema ni ukungu. Ilikuwa kiangazi, jua la saa sita, na mgeni aliutazama ukungu ule muda mrefu.

Walipopita kilima, Claudine alishika mlango wa gari. Mteremko mzima ulikuwa visiki. Kati ya visiki palikuwa na matanuri ya makala, yamejengwa kwa mistari iliyonyooka kama kambi ya wafanyakazi, yote yakitoa moshi. Mbele ya kila moja palisimama kibao cha kijani kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: ENEO LA KUONGEZA KABONI, na namba yake. Watu walikuwa wakijaza magunia. Katikati yao, Mama Mutale alikuwa akitoa amri. DG alikuwa amempa cheo: Mkuu wa Udongo.

Claudine aliyaelewa yote mara moja. Alikuwa amemwambia DG kwamba shida ni pahali pamoja. DG alikuwa amekwenda kuitatua shida hiyo.

Mama Mutale alikuja kuwapokea. Alimwangalia mgeni, akajaribu bahati. "Mwapoleni, tata," alimsalimu kwa Kibemba.

"Mwapoleni, mayo," Chileshe akajibu, na uso wake ukafunguka.

DG aligeuka. Kwao kulikuwa kaskazini mwa Katanga, na Kibemba alikisikia kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati. Hakuwa amewaza kwamba Ndola na kijiji hiki ni mwendo mfupi tu, na lugha haikuwahi kusimama mpakani kuonyesha karatasi. Wale wawili wakaanza kuzungumza. Claudine, aliyekua na majirani Wabemba, aliwafuata vizuri.

Mama Mutale alieleza kwa fahari. Kwa miaka yote walinzi wa misitu walikuwa wakimfukuza na kuvunja matanuri yake, mpaka alipotokea huyu bwana wa suti na kumwambia kwamba udongo wake ndio bora msituni, bora kuliko udongo wa chini ya miti, na kwamba mama wa chuo kikuu ameuhakikisha kwa mashine. Bwana huyo akamuuliza kama anaweza kutengeneza udongo kama ule mahali pengine. Akamjibu kwamba anaweza, ilimradi miti isiishe. Magunia yanakwenda mjini, vumbi lake linabaki ardhini kwa ajili ya wazungu, na yeye anawashukuru wazungu kwa kutambua kazi ya mikono yake. Chileshe aliuliza kabla ya matanuri hapo palikuwa na nini. Mama Mutale akajibu kama mtu aliyeulizwa jua hutoka wapi. Miti.

"Banasema nini?" DG alimnong'oneza Claudine.

Claudine aliwatazama wale wawili. "Banasalimiana," alisema.

"Wakati yote hii?"

"Babemba banasalimianaka sana."

Hatimaye Chileshe alimgeukia Claudine. Alikusanya Kifaransa chake chote, akamuuliza kama haya ni sehemu ya njia yake ya kupima. DG akawahi kujibu kwamba huu ni ubunifu wa Kiafrika, na mpiga picha akainua kamera. Claudine alijua jina lake limo katika ripoti, muhuri wa maabara umo, na kwamba akikaa kimya dakika moja tu, kimya hicho nacho kitakuwa saini.

"Hapana," alisema kwa Kifaransa chepesi, polepole. "Mimi nilipima pahali pamoja, na nikasema si msitu. Haya mengine yamefanywa baadaye. Miti iliyobaki iko upande ule. Nitakuonyesha, na wewe upime mwenyewe."

Alichukua pete ya chuma na nyundo kutoka garini, akatangulia. Chileshe akamfuata. DG naye alijaribu kuwafuata, lakini viatu vyake vya ncha viliteleza kwenye majani makavu, akaanguka mara mbili, mwisho akarudi kwenye visiki. Kwa kuwa hotuba ilikuwa tayari na kamera ilikuwapo, aliwahutubia wajaza magunia. Aliwaambia kwamba macho ya dunia yako juu yao. Walimpigia makofi, kisha wakauliza kama wanaweza kuendelea.

Alasiri yote wale wawili walipima. Chileshe alichimba mahali pake, si pa Claudine, na akazungusha utepe wake mwenyewe. Jua lilipoanza kuinama walilinganisha hesabu zao, wakakuta zimekaribiana sana. Chileshe hakuwa mtu wa sifa. Alisema msitu ni mdogo na umechoka, lakini uko. Claudine alijikuta machozi yanataka kutoka, akajifanya anafuta vumbi la nyundo.

Wanunuzi walikataa kununua. DG hakuonekana kuumia. Alikwenda katika redio moja ya mji, akawaeleza wasikilizaji kwamba wazungu wameukataa msitu wetu kwa sababu ulikutwa na kaboni kupita kiasi, na viwango vyao bado ni vya chini. Watu wengi walikasirika pamoja naye. Baada ya muda mfupi, magunia yenye picha ya jani la kijani yalionekana madukani: Makala ya Pumzi, rafiki wa mazingira. Alimpigia Claudine kuomba muhuri. Claudine alikata simu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumkatia mtu simu bila kuaga.

Mapadri nao wakasikia. Padri Alexis alikuja na gari la misheni, akautembea mteremko wa visiki kutoka juu hadi chini, na siku hiyohiyo akavunja mkataba. Kisha akamuuliza Claudine kimebaki nini. Claudine akampa hesabu, bila kuipamba. Padri akasema atahitaji mlinzi, mtu anayewajua wakata miti wote na njia zao. Claudine alimjua mtu mmoja tu wa namna hiyo.

Alimkuta Mama Mutale amekaa juu ya gogo, matanuri yamepoa nyuma yake. Hakuwa na amri za kutoa tena.

"Mwanangu, balisema bulongo yangu iko muzuri kushinda yote," alisema. "Weye ndiye ulipima. Ilikuwa bongo, ya kunidanganya?"

"Haikuwa bongo, mama. Iko muzuri. Lakini miti pia ilikuwa muzuri."

Mama Mutale aliutazama mteremko. Upepo ulikuwa ukipeperusha majivu kutoka kisiki hadi kisiki.

"Ya miti, hakuna mwenye aliniuliza," alisema.

Claudine alikaa naye kwenye gogo, akamweleza shauri la padri. Mama Mutale aliuliza kama mlinzi ana cheo. Akaambiwa anacho. Aliuliza tena kama atakuwa na ruhusa ya kuwafukuza hata jamaa zake, na alipoambiwa ndiyo, alionekana amepata kitu alichokitamani muda mrefu.

Alianza kwa kuwafukuza binamu zake. Wakapiga kelele kijiji kizima, wakamwita msaliti, wakahamia msitu mwingine. Claudine alikuwa akienda huko kila alipopata gari, kuipima upya ile miti iliyobaki. Siku moja, akiwa amekumbatia shina na utepe mkononi, alisikia lori linapanda. Chini, kwenye kizuizi alichokiweka Mama Mutale barabarani, DG aliteremka kwa tabasamu, amekuja kuchukua magunia ya mwisho aliyoyaacha nyuma ya kilima. Mama Mutale alimsalimu vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, akamwambia magunia hayapo. Alikuwa ameyamwaga, ameyaponda, na kuyachanganya katika shamba lake lote la mihogo.

"Iko mu bulongo, DG," alisema. "Kama unaitaka, chimba."

DG alilitazama shamba lile refu. Aliongea kidogo, akapunguza sauti, akaongea tena, na Mama Mutale akamsikiliza mpaka mwisho bila kusogeza kizuizi. Ndipo lori likaanza kurudi kinyumenyume, likigonga mashimo. Huko juu, Claudine alikuwa akicheka peke yake, na hesabu ya mti ikawa imemtoka kichwani. Akauzungusha utepe upya.